Vifuko Vyeupe

"Hivi vifuko ni vya nini, fundi?"

Askari wa misitu alikuwa ameokota kimoja mezani, kitambaa cheupe kisichozidi kiganja, akapenyeza kidole ndani. Fundi aliinama zaidi juu ya kifungo cha shati alilokuwa akimshonea.

"Vya viungo, afande. Kuna mteja anafunga zawadi."

"Mbona mishono yote iko nje? Tangu lini ukashona ovyo?"

"Ndivyo alivyotaka mteja."

Hapo chini ya meza, kitu kikakwaruza ndani ya sanduku.

Fundi alilisukuma shati chini ya sindano. "Na huku ubavuni pamefumuka, ngoja nikupigie mara moja," akasema, akaanza kukanyaga pedali kwa nguvu zake zote. Cherehani ikanguruma. Haikuwa na uzi. Sindano ilipanda na kushuka ikitoboa vitundu visivyoshika kitu, naye akaomba kimoyomoyo kwamba mtu wa bunduki asijue mambo ya sindano.

Askari alingoja mpaka ikasimama, akalichukua shati lake.

"Kuna watu wanaingia msituni kukamata mijusi," alisema, akilivaa. "Wale wadogo wa buluu. Wanawauza nje. Tukimpata mtu, tunaondoka naye na kila aliyemsaidia." Alikirudisha kile kifuko mezani, taratibu, kama anarudisha yai. "Kazi njema, fundi."

Fundi alingoja mpaka mgongo wa askari ukapotea njiani. Ndipo akalivuta sanduku kutoka chini ya meza.

Sanduku lililetwa asubuhi na kaka yake. "Usilifungue, dada," alimwambia. "Saa kumi nakuja na mgeni wangu kulichukua." Naye hakuuliza, maana huyu kaka ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki, na cherehani hii alimletea yeye, ameibeba kichwani kutoka stendi. Mtu wa namna hiyo humuulizi maswali. Unamshonea tu vifuko anavyotaka.

Sasa alilifungua. Vifuko vyake mwenyewe vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, na vyote vilikuwa vinapumua. Alilegeza kamba ya kimoja. Mjusi alimtazama, mwembamba kama kidole cha mtoto, wa buluu kali. Vidole vyake vilikuwa laini mno, na fundi akaelewa kwa nini kaka alisisitiza mishono ikae nje: uzi usije ukamnasa mguu. Kumbe aliyepanga yote haya alikuwa mtu mwangalifu. Hilo lilimtisha kuliko bunduki.

Akiliacha sanduku hapa, askari atarudi. Akilitupa, kaka atakuja. Saa nane na nusu ilikuwa imeshapita. Alivipakia vifuko kwenye kapu, akafunika kwa vipande vya sare za shule, akatoka bila hata kufunga duka.

"Fundi, unakimbilia wapi na jua hili?" jirani muuza mkaa alimpigia kelele.

"Kupeleka sare!"

"Huko msituni? Nyani nao wameanza shule?"

Alijilazimisha kucheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi.

Msituni kulikuwa na baridi ya ghafla. Kila tawi lililovunjika chini ya kandambili zake lilimsimamisha, akageuka, akaona majani tu. Alikuwa akielekea kwenye miti ya mikadi. Tangu utotoni alijua mijusi hao hawaishi kwingine: hujificha katikati ya yale majani marefu ya miba, panapobaki maji ya mvua. Mama alikuwa akimwonyesha yeye na kaka walipokuja kukata majani ya kusukia mikeka. Atawaachia pale, atarudi, atamwambia kaka kwamba askari wamechukua. Kaka atamwamini. Ataaminije? Haidhuru, atawaachia kwanza.

Alipofika, hakuna mkadi uliokuwa umesimama.

Ilikuwa imelazwa chini yote, mmoja juu ya mwingine, majani yamepasuliwa mpaka kwenye kiini. Visiki vilikuwa bado vinatoa maji. Waliokamata mijusi hawakuikwea miti. Walikata mti, wakaufungua kama mtu anayetafuta sarafu kwenye godoro la mwenzake.

Fundi alipiga magoti, akafungua vifuko, kimoja baada ya kingine. Mijusi walitoka. Walisimama kwenye majani yaliyolala, wakainua vichwa, wakaanza kutafuta kitu cha kupanda.

Kutoka upande wa pili wa uwazi ukaja mlio wa panga. Mapigo mawili, kituo, mapigo mawili. Aliujua mpigo ule wa kaka yake. Ndio uliompasulia kuni miaka yote. Alitaka kuita.

Alisimama wima kama mkadi, mikono mbali kidogo na mwili. Mjusi wa kwanza alipanda pindo la gauni lake, kisha wa pili, kisha wengi, vidole vyao vyepesi vikishika kitambaa, wakipanda kuelekea mabegani. Panga likanyamaza. Majani yakaanza kusukumwa, yakija upande wake. Fundi alibana pumzi, akajitahidi asitikisike.