Treni ya Kasulu

Mwaka 2014, mimi Asnath, muuguzi hapa Kibondo, niliona cherehani nzuri mtandaoni. Muuzaji alisema duka lake liko Kasulu, nitume hela kwanza kwa simu, mzigo atanipakilia kwenye basi. Nilishaanza kubonyeza namba ya siri, nikasita. Kasulu si mbali, kwa nini nisiifuate mwenyewe? Nikamuuliza duka liko wapi.

"Ukishuka kwenye treni, vuka reli tu, utaliona," akajibu.

Nikafuta kila nilichoandika, nikashusha pumzi, kisha nikacheka hadi machozi. Kasulu ni milima mitupu, reli haijawahi kufika. Mwizi mvivu, hata ramani hajaangalia!

Nikamwandikia: "Sawa kaka. Nisubiri hapohapo stesheni, usiondoke. Nakuja na treni ya kesho."