Mkate Ndani ya Kopo la Biskuti

Tangu niolewe na Sal, Rosalba hakuwahi kunipigia simu, na sababu niliijua. Rosalba ni dada mkubwa wa marehemu mke wa kwanza wa Sal, na hapa mjini kwetu Youngstown yeye ndiye mwenye meza. Harusi ya ukoo wao ikikaribia, anakaa jikoni kwake na kuwapigia wanawake mmoja mmoja: wewe lete biskuti za njugu, wewe za lozi, wewe za tini. Meza ya biskuti ndiyo harusi yenyewe, keki inakatwa kwa heshima tu. Ukipigiwa simu na Rosalba, wewe ni wa ukoo. Usipopigiwa, wewe ni mgeni uliyekaa kwa mtu wao. Mimi nilikuwa mgeni huyo, mwanamke kutoka Nebraska, na iliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Safari hii aliyekuwa anaolewa ni Marisa, binti wa Sal, niliyemlea tangu akiwa na pengo la meno ya mbele. Rosalba aliwapigia wote, hadi jirani wa zamani aliyehamia Florida. Kwangu kimya. Mwisho Marisa mwenyewe akachukua simu akampigia.

"Mama Mkubwa, Darlene ataleta biskuti za chokoleti."

"Za chokoleti?" Sauti ya Rosalba nilikuwa naisikia nikiwa kwenye sinki. "Hii ni harusi, mwanangu, siyo sherehe ya chekechea."

"Basi na mimi siji."

"Huji kwenye harusi yako mwenyewe?"

"Utaona."

Rosalba akakubali shingo upande, akanipa ncha ya meza, kule karibu na wageni wanapotundika makoti. Mbele ya Marisa nilicheka. Kisha nikaenda gereji nikaipiga ndoo teke. Nikaapa kwamba sahani yangu ndiyo itakayoisha ya kwanza, na kwamba Rosalba ataiona ikiisha.

Biskuti zangu hazina uchawi. Siagi naiyeyusha hadi ianze kunukia kama njugu, naiacha ipoe. Sukari ya kahawia inakuwa nyingi kuliko nyeupe, na kiini cha yai kimoja naongeza. Chokoleti naikatakata kwa kisu, vipande vikubwa kwa vidogo. Donge linalala kwenye friji usiku kucha, na anayekuharakisha mfukuze jikoni. Halafu kuna jambo moja linalowashinda wengi: zitoe kwenye oveni wakati macho bado yanakuambia usubiri. Pembeni ziwe zimeshika rangi, katikati zimelegea bado. Zitajimalizia zenyewe juu ya trei. Ukingoja mpaka zikauke, umeoka vigae. Yangu unaikunja na haivunjiki.

Zikishapoa nazipanga kwenye kopo, juu naweka slesi ya mkate mweupe, nafunga kifuniko. Mkate unakauka, biskuti zinabaki laini. Mama yangu alifanya hivyo, na majirani zake wote pia.

Ijumaa nikayapeleka makopo yangu kwenye ukumbi wa kanisa. Rosalba alikuwa ndani ya aproni, anaamrisha kila mwenye miguu.

"Weka pale," akaniambia, wala hakugeuka.

Jumamosi asubuhi nikarudi kupanga sahani yangu kabla ya misa. Makopo yote yalikuwa wazi. Vifuniko vimewekwa kando, mkate haupo. Nikachukua biskuti moja nikaikunja. Ikakatika ka! Nikachukua ya kopo la pili. Ka!

"Nani ametoa mkate wangu?"

Wanawake wote wakawa na kazi ya haraka ya kupangusa vijiko. Rosalba hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Mimi. Nani anaweka mkate kwenye biskuti? Unafuga njiwa?"

"Na vifuniko?"

"Zilikuwa zimelegea, maskini. Nikaona hazijaiva, nikaziacha wazi zikauke. Pizele zangu nazilaza hivyohivyo, asubuhi ziko kavu safi. Nimekusaidia, Darlene."

Pizele ni zile biskuti zake nyembamba zinazobanwa kwenye chuma chenye maua, na kweli zikifunikwa zinakuwa kama kitambaa. Hapo ndipo niliposhindwa. Mtu akikuharibia kwa makusudi, unamtukana ukapata nafuu. Huyu alikuwa amenisaidia kwa moyo wote.

"Hazijaiva?" nikasema. "Rosalba, hizo zilikuwa zimeiva kuliko wewe!"

Kijiko cha mtu kikaanguka. Nikatoka nje, nikaingia kwenye gari nikalia, kwa hasira na kwa aibu, mpaka wanja wote ukanishuka.

Nilipokuwa najifuta ndipo nikakumbuka friza. Nyumbani nilikuwa na mfuko mkubwa wa madonge ya biskuti hizohizo, mabichi, yaliyogandishwa. Nilimwekea Marisa na mumewe, wakirudi kutoka fungate waoke mawili matatu wakijisikia. Nikaenda misani, nikamwona binti yangu akiolewa, nikalia tena, safari hii kwa raha. Tulipotoka tu nikamwambia Sal naenda nyumbani mara moja.

"Na picha je?"

"Nimeshapigwa mbili. Sura ni ileile."

Wageni walipokuwa wanakula chakula, mimi nilikuwa jikoni mwa ukumbi, gauni la hariri chini, aproni ya kuazima juu, napanga madonge kwenye trei. Ukumbini meza ya biskuti ilikuwa imejaa kutoka ukuta hadi ukuta, isipokuwa sahani yangu tupu kule kwenye makoti. Trei ya kwanza ikaanza kunukia. Dirisha la kupitishia chakula lilikuwa wazi, na mimi sikulifunga, Mungu anisamehe. Kelele za ukumbini zikapungua. Mwanamume mmoja akauliza kwa sauti, "Jamani, hiyo ni nini?"

Mlango ukafunguka akaingia Marisa, gauni lake limekusanywa kwapani kama furushi la nguo za kufua.

"Nipe donge bichi."

"Utachafua gauni."

"Nipe bwana, Darlene."

Nikampa. Akalila macho yamefumbwa, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, amesimama juu ya kigoda pembeni yangu. Kisha akavaa glavu zangu za oveni, akabeba trei ya moto, akasukuma mlango kwa mgongo.

"Hizi ni za Darlene!" akapaza sauti. "Aliyenilea! Foleni ianzie hapa!"

Foleni ikaanza. Zile za lozi zikasubiri, za tini zikasubiri. Watu walikuwa wanazitupa kutoka kiganja hadi kiganja kwa moto, chokoleti inawachirizika vidoleni, mpambe wa bwana harusi akaipaka kwenye shati lake jeupe na hakujali. Nilikuwa natoa trei, naingiza trei. Hakuna hata moja iliyofika kwenye makoti. Nilijisikia mrefu kuliko mnara wa kanisa.

Katikati ya foleni nikamwona Rosalba, mkoba mkononi, anamsukuma shemeji yake. Akachukua moja. Akaikunja. Haikuvunjika. Akaikunja zaidi, ikavutika. Akaitia mdomoni, akatafuna taratibu, ananitazama usoni.

"Haijaiva," akasema.

Akachukua nyingine.

Jumanne nilikuwa nasugua trei simu ikalia. Hakuna habari za asubuhi wala nini.

"Darlene. Mjukuu wangu Bianca anaolewa Septemba."

"Hongera sana."

"Hongera baadaye, nakupa kazi. Wewe za chokoleti. Utakaa katikati, kando ya pizele zangu. Na mkate lete, nitaupanga mwenyewe."

Nikamwambia nitaangalia kama nina nafasi. Nikaweka simu chini taratibu, kisha nikapiga kelele mpaka Sal akaja mbio na ndoo ya maji, akidhani jiko linaungua.