Swali Alilolimeza

Pale hospitalini walimwita Dada Picha, na jina lenyewe alilipenda. Wagonjwa walioingia chumba cha eksirei wakitetemeka aliwatania: "Hapa vipodozi havisaidii, tunapiga mpaka mifupa." Wakishacheka, ndipo anapowalaza mezani. Lakini jambo moja hakulifanyia mzaha. Kila mwanamke wa umri wa kuzaa alimwingiza peke yake, akafunga mlango, akamuuliza, "Una ujauzito, au unadhani unao?" Waume walibaki nje wamenuna, na mama wakwe vilevile. Sheria ndivyo ilivyotaka, kwa kuwa mionzi na mimba changa havipatani, na mbele za watu mwanamke hasemi yote.

Siku wifi yake alipoletwa na maumivu ya mgongo, mlango haukufungwa. Aliyemleta ni mama mzazi wa Dada Picha, mwanamke mwema ila ulimi wake hauna breki. Aliingia moja kwa moja na mkoba wa mgonjwa kwapani.

"Mwangalie vizuri mkwe wangu," alisema. "Pengine huko mgongoni ndiko wajukuu zangu walikokwama." Akacheka peke yake. Wifi akatazama sakafu.

Dada Picha aliona uchungu. Alijua kaka yake na mkewe walivyohangaika kutafuta mtoto, na jinsi kila sherehe ya familia ilivyoishia kwa mtu kulipapasa tumbo la wifi kwa macho. Leo naye amuulize swali hilohilo? Kumtoa mama nje kungezua ugomvi, na hata wakibaki wawili, swali lingekuwa kama kutonesha kidonda. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, alijiambia. Methali nzuri, lakini haikutungiwa chumba cha eksirei.

Akamlaza wifi yake. Wifi aligeuza shingo, akamtazama kama anayesubiri kitu. Dada Picha akadhani ni woga.

"Usipumue kidogo, wifi," alisema, akampeleka mama nyuma ya kioo, akabonyeza kitufe.

Hazikupita siku nyingi kaka yake akapiga simu akilia. Mkewe alikuwa na mimba, na imetoka. Yeye mwenyewe aliambiwa ipo na daktari aliyemwambia haipo tena.

Dada Picha alimfuata yule daktari. Akaambiwa mionzi ya picha ile ni midogo, mimba changa hutoka kwa mambo mengi, huenda ingetoka tu. Huenda! Neno hilo lilimkalia kooni kama mwiba wa samaki.

Mwenzake wa zamu alimshauri anyamaze. "Funika kombe mwanaharamu apite. Nani atajua?"

"Mimi si najua?" alijibu, akaenda kwa mkuu wa idara, akasema yote.

Mkuu alivua miwani. "Wewe ndiye unayewafundisha wageni wa kazi swali hili," alisema, kwa huzuni zaidi kuliko hasira. Shauri lilipelekwa kwenye baraza la taaluma, na mpaka liamuliwe, Dada Picha asiiguse mashine. Alivua kile kibeji cha kupimia mionzi alichokivaa kifuani miaka yote, akakiweka mezani. Hapo sheria ilikuwa imepata haki yake. Wifi alikuwa bado.

Alimkuta nyumbani kwa kaka yake, amelala kitandani, uso ukutani. Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo, na kwa mara ya kwanza alikuwa kimya. Dada Picha alifunga mlango. Akaeleza, hakujitetea.



"Mimi nilijua ninayo," alisema wifi. "Nilipima mwenyewe. Kaka yako sikumwambia, nimeshamfurahisha bure mara nyingi mno."

"Kwa nini basi hukuniambia?"

"Mbele ya mama? Na ile mizaha yake?" Wifi aligeuka. "Nilisoma lile tangazo ukutani kwenu, kwamba kila mwanamke ataulizwa peke yake kama ana mimba. Nikasema, wifi atamtoa mama, ataniuliza, na mimi nitamwambia. Ungekuwa mtu wa kwanza kujua. Jibu nilikuwa nimeshaliandaa. Ulipokwenda nyuma ya kioo bila kuuliza, sauti ikanikauka. Nikaona hata wewe huamini kama mimi ninaweza kushika mimba."

Dada Picha alitaka kusema ilikuwa huruma. Lakini huruma gani hiyo, iliyomfanyia mwenzake uamuzi bila kumsikiliza? Alimhurumia wifi kama watu wote walivyomhurumia, na kama wao, hakumuuliza. Aibu ilimjaa mpaka machoni.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono.

"Wifi," alisema taratibu, "una ujauzito?"

"Nilikuwa nao," wifi akajibu, na hapo ndipo alipoanza kulia.