Vyumba vya Chini ya Mfereji

Jumapili baada ya chakula cha mchana, mama mkwe alikaa kwenye ngazi ya mlango akanyoosha mguu, na mkwe wake akamfunga kamba za viatu. Daktari alikuwa amemwagiza mama atembee kwa ajili ya presha. Mama, ambaye maagizo ya watu humwingia sikio hili na kumtokea lile, hili alilishika. Njia yao ilikuwa ileile siku zote: kushuka mtoni, kufuata ukingo mpaka mto unapoingia mferejini, kisha kuandamana na mfereji mpaka baharini. Wakichoka walipumzika. Wasipochoka walipumzika pia, kwa sababu mama alipenda kutazama watu na kuwasema kidogo.

Siku hiyo mto ulikuwa umetulia. Mtu alikuwa ameanika mashuka kwenye reli za daraja, na mama akasema hayo si mashuka ya kuanikwa mbele za watu. Nyumba za bondeni, yao ikiwemo, zilijipanga ukingoni, kila moja ikiwa na mstari wa kahawia ukutani usawa wa dirisha, mahali maji yalipofika katika mvua za mwaka juzi. Wenye nyumba waliupaka chokaa, nao ukarudi. Mwishowe waliuzoea kama mtu anavyozoea kovu.

Mvua hizo ndizo zilizomchukua mume wa mkwe, ambaye alikuwa fundi bomba, pamoja na mtaa mzima wa nyuma. Lango la mfereji lilifungwa ili maji yasifike kwenye nyumba za ufukweni, na maji, yakikosa pa kwenda, yakageuza njia kurudi bondeni. Fundi alitoka kwenda kumbeba bibi wa jirani, hakurudi. Walimwomboleza bila mwili. Baadaye alionekana chini ya maji ya mfereji, karibu na lango, mzima wa afya, akiishi na wenzake wa mtaa wa nyuma katika nyumba zilezile zilizosombwa. Tangu hapo mama na mkwe walipita kumjulia hali kila Jumapili, kisha wakaendelea na matembezi.

Maji ya mfereji ni ya kijani, lakini kwenye kivuli cha lango mtu huona mpaka chini. Walimkuta fundi akifagia. Hakuwa peke yake. Kule chini watu wote walikuwa kazini: wengine wakisugua sakafu, wengine wakipitisha vitanda milangoni na kugombana jinsi ya kuvipitisha.

"Mna wageni?" mama aliuliza.

"Tunawatarajia," fundi alijibu. Sauti yake ilifika juu kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Alieleza kwamba amemtengea mama chumba cha nyuma, kisicho na ngazi, kwa sababu ya goti lake. Mama alitaka kujua kama kina dirisha. Kilikuwa nalo.

"Wageni gani?" mkwe aliuliza.

"Nyinyi, mke wangu. Mtaa wote wa mbele. Mvua zikianza."

Alisema hivyo kwa upole, akaendelea kufagia.

Bawabu wa lango alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka hapo, akipaka magurudumu ya lango grisi. Mkwe alimuuliza mvua zikija atafanyaje. Bawabu alisema atafunga, maagizo hayajabadilika. Safari moja aliwahi kuuliza kama anaweza kuacha upenyo kidogo, akaambiwa asijichoshe kwa kufikiri. Kisha akamuuliza mama hali ya goti.

Kutoka hapo mkwe alitembea mbele. Mama alimfuata akilalamika kwamba daktari alisema kutembea, hakusema kukimbizana. Miguu ya mkwe ilikuwa imepoa kama aliyesimama ndani ya maji, na hakupunguza mwendo mpaka walipofika ufukweni, kwenye nyumba ya mhandisi wa maji, ambaye ndiye mtoaji wa maagizo ya lango.

Mhandisi alikuwa akimwagilia maua. Alimwamkia mama kwa heshima, akawaletea viti na maji ya kunywa. Mhandisi alimkumbuka fundi vizuri, kwani ndiye aliyemtengenezea bafu. Alisema ilikuwa kazi safi, mpaka leo halivuji.

Mkwe alimweleza yote waliyoyaona mferejini. Mhandisi alisikiliza akiwa ameshika mpira wa maji, ukimwaga palepale.

"Na vyumba vinatosha?" aliuliza.

Mkwe alisema vinatosha.

Mhandisi akashusha pumzi kama mtu aliyetolewa mwiba. Alisema mwaka mzima amekuwa halali vizuri akiwaza watu wa bondeni watakwenda wapi. Kila kikao anaulizwa, naye hana jibu. Sasa analo. Aliwashukuru kwa kutembea umbali wote ule kumletea habari.

"Hatukuja kuleta habari," mkwe alisema. "Tumekuja kukuomba lango lisifungwe."

Mhandisi aliitazama nyumba yake, akazitazama na za majirani zake zilizokaa mbele ya bahari.

"Likiachwa wazi, maji yatafika hapa," alisema. "Na sisi hakuna aliyetuandalia."

Walirudi kwa njia ileile. Karibu na nyumbani mkwe alimwomba mama wahame. Mama alimuuliza wahamie wapi. Huku juu kila chumba kina mwenyewe, kule wamepewa cha kwao, tena na mwanawe. Mkwe alimwambia kwamba kule ni kufa. Mama alisema anajua, si mtoto, akaomba afunguliwe viatu.

Habari zilienea. Juma hilo watu wa bondeni walishuka mferejini familia kwa familia kuchagua vyumba, na halmashauri, kwa pendekezo la mhandisi, ikaweka mabenchi na taa ili waone vizuri. Palitokea ugomvi kuhusu vyumba vya upande wa baharini. Fundi cherehani alikataa kukaa ukuta mmoja na mwenye redio. Mama alipima dirisha lake kwa macho akasema pazia la sebuleni litalifaa.

Mkwe alikuja wa mwisho, wingu likiwa limeshajaa upande wa juu wa mto. Alipiga magoti ukingoni mpaka uso wake ukakaribia maji.

"Na mtu asiyetaka kuja?" alimuuliza mumewe.

Fundi alijipangusa mikono kwenye suruali. Alimtazama kwa mapenzi yaleyale ya siku zote.

"Chumba chake ndicho tulichoanza kukisafisha," alisema.

Bawabu akaja amevaa koti la mvua, akawaomba watu wasogee kidogo afunge lango.