Mashine ya Mbu ya Mzee Sattar

Mpumbavu wa siku ile nilikuwa mimi. Nasema mapema msije mkahangaika kumtafuta, maana nyumbani mle tulikuwa watu wazima watatu, na aliyekuwa akicheka ni mmoja tu.

Mashine ile ya kupuliza dawa ya mbu niliifunga mwenyewe kwa Mzee Sattar, Mji wa Kale, katika ua wa ndani. Pampu, pipa la dawa, na mipira myembamba yenye vitundu, iliyozunguka kuta zote nne. Jioni ikinguruma, ua mzima hugeuka ukungu. Mzee hakuitaka kwa ajili yake. Damu yake mbu walishaichoka. Aliitaka kwa ajili ya Shukri, mjukuu wake, sauti pekee iliyobaki mle ndani tangu bibi yake afariki. Mama wa mtoto, Sadaf, alikuwa ameshamwambia baba yake wazi: Shukri akishikwa tena na kidingapopo, homa ile ya mbu ya kuvunja mifupa, wao wanahamia kwa wakwe zake mtaa wa Tudor, ghorofa ya juu kabisa, na hawarudi.

Asubuhi hiyo mzee akanipigia simu. "Katana, njoo upesi. Mashine yako yanguruma lakini haitemi. Na mtoto ana homa tangu jana."

"Ilipokuwa nzima ilikuwa yako, mzee. Imekufa, imekuwa yangu!"

Hakucheka. Hapo ningalipaswa kushtuka.

Nilipofika niliiwasha. Pampu ikalia vizuri, lakini vitundu vikatoa matone, kama pua ya mwenye mafua. Nikafungua mpira mmoja kutoa hewa. Hewa haikuwamo. Nikapuliza kitundu kimoja, kimeziba.

"Mzee, hivi umevipaka samli?"

"Wewe tengeneza, Katana. Maskhara baadaye."

"Bila maskhara mkono wangu hauzunguki."

Sadaf akachungulia dirishani juu, nguo za mtoto zikining'inia mkononi mwake. "Abba, nimeshaita tuktuk."

"Subiri, binti yangu. Fundi yuko hapa. Jioni hutamwona hata mbu mmoja."

Dirisha likafungwa.

Nikafungua chujio. Lilikuwa limejaa uchafu wa kahawia, kama maganda ya chawa. "Kumbe mzee watia na uji!" Nikalinusa. Halinuki kitu. Na dawa ile hunuka hata kwa aliyeziba pua. Hapo kicheko kikaanza kuniaga.

Nikaenda kwenye pipa chini ya ngazi. Halina kifuniko. Ndani maji meupe, safi, na viluwiluwi vya mbu vikipanda na kushuka kama watu wa feri ya Likoni.

"Mzee, dawa uliitia lini?"

"Si uliitia wewe?"

"Mimi nilitia maji ya kujaribia mipira. Dawa nikakuachia mkononi."

"Ukaniachia, nikajua ni ya akiba." Akaenda kabatini, akarudi na dumu langu. Kizibo hakijaguswa.

"Na kifuniko?"

Akanionyesha pipa la maji ya kunywa, limefunikwa vizuri. "Mfereji hapa hutoka kwa bahati. Nilikikuta kwenye ngazi, ulipokitupa. Nikafunika maji yetu, mbu wasiingie."

Basi jioni zote zile tulikuwa tukipuliza maji. Na mzee akisimama chini ya ukungu na Shukri mabegani, mtoto akicheka, yeye akimwambia vuta pumzi, dawa hii. Nilikuwa nimewafungulia mbu hospitali ya uzazi.

"Ni wewe uliyeliacha wazi," mzee akasema.

"Ni wewe uliyechukua kifuniko."

"Fundi gani asiyejua alichotia?"

"Mwenye nyumba gani asiyenusa?"

Tukabishana hivyo huku nikimwaga maji, nikitia dawa, nikichokonoa vitundu kwa pini. Nikaiwasha. Ukungu ukatoka kuta zote, na harufu yake kali, sasa ndiyo yenyewe. Mzee akainua mikono kana kwamba mvua imenyesha.

Sadaf akashuka na mkoba. Shukri alikuwa begani mwake, amefunikwa leso hadi puani, mikono yake imelegea, imejaa vipele vyekundu. Nje tuktuk ikapiga honi.

Mzee akasimama mlangoni. "Sadaf, tazama! Yafanya kazi. Rudi juu, mama. Kosa limeonekana."

Nami, mpumbavu mpaka mwisho, nikadakia: "Kweli, dada. Nimeliona mwenyewe."

"Shukri aliliona kabla yako, fundi," akasema, akimpita baba yake. "Lilikuwa likimuuma."