Eda Ndani ya Gari la Mkate

Siku Kahin alipoondoka, alikwenda kuteka maji. Alibeba madumu mawili ya manjano, akalipita jiwe lenye namba nne ya rangi nyeupe lililoonyesha mahali pao pa kuegesha gari, akamwambia mkewe Ambaro asiwashe jiko mpaka arudi, maana upepo wa ufukweni ulikuwa ukimshinda kila asubuhi. Ambaro akangoja. Baada ya muda mlinzi wa kambi alikuja mbio, kofia mkononi, na alipoiona ile kofia mkononi, akajua.

Moyo, walisema. Alianguka kando ya bomba, na dumu likaendelea kufurika. Alasiri ilipofika alikuwa amekwisha kuzikwa, huko huko Msambweni. Wanaume waliotoka mazikoni walimwambia Ambaro kwamba kaburi liko kwenye kona, karibu na ukuta wa mawe. Yeye hakuliona.

Walikuwa wamekaa miezi saba pale, kwenye kambi ya wasafiri wanaolala magarini. Kahin aliuza nguo za jumla mtaani Eastleigh kwa miaka ishirini, mpaka siku moja akasema amechoka kusikia kelele za bei. Akanunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akatia kitanda, jiko la gesi na madirisha mawili, akarudisha funguo za nyumba ya kupanga. Hawakuwa na watoto wa kuwazuia.

"Mahari yako nilikuahidi nyumba," alimwambia Ambaro. "Nyumba ndiyo hii. Majirani wakikuchosha, unawasha injini."

Akaiandikisha hati ya gari kwa jina la Ambaro. Kambini palikuwa na mabafu ya makuti, maji yenye chumvi, na nyani waliojua saa ya kuiba chapati. Jua likipanda, kuta za gari zilinukia mkate.

Siku ya pili ya msiba alifika Mahad, kaka mkubwa wa marehemu, pamoja na mkewe Deeqa, na Maingi, dereva wa lori kutoka Dandora aliyekuwa rafiki wa Kahin tangu ujana. Mahad hakutaka kumwacha shemeji yake peke yake ufukweni. Lakini mjane hukaa eda nyumbani kwake, miezi minne na siku kumi. Akampigia simu Sheikh Nuradin.

"Sheikh anauliza nyumba yako ni ipi."

Ambaro akagonga ukuta wa gari kwa kifundo cha kidole.

Mahad alisikiliza, akakunja uso, akasikiliza tena. "Anasema hapa si salama kwako. Na kama nyumba ndiyo inayosafiri, nawe umo ndani, basi hujatoka nyumbani."

"Mimi nimebeba saruji, nimebeba ng'ombe," Maingi alisema. "Nyumba yenye mama mwenye nyumba ndani, bado."

Deeqa akacheka, kisha akajiziba mdomo kwa mtandio.

Hivyo ndivyo Ambaro alivyofika mtaa wa Fedha, jijini, karibu na uwanja wa ndege. Gari liliegeshwa nyuma ya ghorofa la Mahad, kati ya ukuta na tangi la maji, ubavu wenye dirisha kubwa ukiwa umeelekea ukutani. Kwenye matofali yale alijua kila ufa. Dirisha dogo lilionyesha kamba ya nguo za wapangaji na kipande cha mbingu ambamo ndege zilipita chinichini kwenda kutua, vikombe vikatetemeka. Alivaa nyeupe, bila hina, bila manukato. Alitoka kwenda chooni kwa Deeqa tu, hatua kumi na tisa kwenda, kumi na tisa kurudi. Watoto wa jengo waliuita mlango wake "kwa nyanya wa gari", ingawa alikuwa na miaka arobaini na sita.

Mahad hakuwa mtu mbaya. Kila jioni alimletea maziwa ya ngamia, akasimama nje, akauliza hali. Lakini jioni moja, mwezi wa tatu ukiwa umepita, Deeqa aliingia na sahani ya wali, akakaa kitandani bila kuitua.

"Abaayo, dada yangu, nikinyamaza nitakukosea. Jumamosi kuna mtu anakuja kuliona gari. Anataka kulifanya duka la chipsi."

"Nikiwa ndani?"

"Mahad anasema ni kuangalia tu. Eda ikiisha utahamia chumba cha wageni. Anaona anakusaidia."

Usiku ule Ambaro hakula. Chumba cha wageni alikijua: dirisha lake nalo lilitazama ukuta.

Ijumaa, baada ya sala, Sheikh Nuradin alikuja kumjulia hali. Alisimama nje ya mlango pamoja na Mahad. Ambaro alizungumza nyuma ya pazia.

"Sheikh, tangu siku ile nimewahi kutoka nyumbani?"

"Hujatoka."

"Hata tulipopita Voi, njiani kuja huku?"

"Hata mlipopita Voi."

"Basi Voi ya kuja huku na Voi ya kurudi ufukweni zina tofauti gani?"

Ndege ilipita. Sheikh akangoja imalize.

"Ile safari niliiruhusu kwa sababu ya usalama wako, mwanangu."

"Na kesho mtu anakuja kununua nyumba yangu nikiwa nimekaa eda ndani yake."

"Mahad?" sheikh aliita, taratibu.

"Ni baada ya eda, sheikh. Gari ni la ndugu yangu. Nani atalitunza? Huyu hata gia hazijui."

Mkono ukatoka pembeni mwa pazia, umeshika hati. Sheikh akavaa miwani, akasoma, akampa Mahad. Mahad aliisoma mara mbili.

"Hukuniambia," alisema.

"Hukuniuliza. Mlikuwa mkipanga."

Sheikh akavua miwani. "Mahari yake ni mali yake. Na nyumba inayoingiliwa na wanunuzi haina usalama. Akiwa na mwanamke wa kumlinda na dereva mwaminifu, sioni la kumzuia."

Mahad akaikunja hati. "Kule hana mtu," alisema mwishowe.

"Ninaye," Ambaro alisema. "Yuko kwenye kona, karibu na ukuta wa mawe."

Jumamosi alfajiri Maingi alifika akipiga miayo. "Niaje, nyumba?" alilisalimia gari. Deeqa akaingia na mkoba wake wa mwezi mzima. Mahad ndiye aliyejaza magurudumu upepo, moja moja, amechuchumaa, bila kumtazama mtu. Alipomaliza aligonga ubavu wa gari mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

Zimebaki siku thelathini na moja za eda. Gari liko kwenye jiwe namba nne, dirisha kubwa limeelekea baharini. Maji yako hatua arobaini na Ambaro hajayakanyaga, wala kwenye kona ya makaburi hajafika. Deeqa ndiye anayekwenda bombani.