Gamba Mlangoni

Watu walimwita Mama Upepo na jina likamkaa, mpaka mumewe naye akaanza kumwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kujaza upepo, kuziba pancha, kufunga na kufungua matairi ya magari makubwa ya kifamilia, yale yaliyonyanyuka juu kiasi kwamba bibi akitaka kupanda lazima asukumwe mgongoni. Na alikuwa na mdomo, jamani! Mteja akija na tairi kipara atasemwa hadi ajute kununua gari. "Hili unaendea safari au unaendea kaburini?" Wengine walikasirika wakaondoka, kesho yake wakarudi wamenywea. Tairi alilolifunga Mama Upepo lilikuwa limefungwa, hakuna ubishi.

Asubuhi hiyo alifika karakana na funguo mkononi, akakuta kitu kimewekwa kizingitini. Gamba la tairi. Ile ngozi ya juu yenye mistari, ambayo hubanduka kwa joto na mwendo mkali, ikaliacha tairi uchi na gari likaenda linakotaka lenyewe. Lilikuwa limekunjwa mviringo, mistari kwa nje, likafungwa kwa utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani. Fundo lilikuwa upande wa chini, ncha zake zimechomekwa zisionekane.

Mama Upepo alilitazama lile fundo. Alilijua. Baba yake ndiye aliyekuwa akifunga hivyo, na baba yake walishamzika, udongo wa kaburi ukatulia, nyasi zikaota juu yake.

Mzee huyo ndiye aliyeianzisha karakana, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wote waliowahi kusafiri naye. Akiliona gamba limelala barabarani, basi safari imeishia hapo. Anasimamisha gari pembeni, anashuka, analiokota, analikunja, analifunga, anarudi nalo akilisemesha kama mtoto mtundu. Alisema mtu wa pikipiki akilikanyaga atavunjika shingo. Akifika analiweka kizingitini, ili mteja alione kabla hajaingia, aulize limetoka wapi, na mzee apate pa kuanzia mahubiri yake. Tangu afe hakuna aliyeokota tena. Binti yake mwenyewe alikuwa akiyakwepa kwa usukani na kupita zake.

"Naona mzee kakuletea kazi!" alipaza sauti fundi wa kuchomelea, jirani yake wa ukuta mmoja, mtu ambaye utani kwake ulikuwa chai ya asubuhi.

"Nani kaliweka hapa?"

"Mimi nimefika nimelikuta. Nikajua umeanza tabia za baba yako."

"Usinitanie kwa marehemu."

"Sikutanii, jirani yangu. Kweli nimelikuta."

Akainama kulishika, na mkono ukarudi wenyewe. Lilikuwa na joto. Asubuhi ile baridi, chuma cha mlango kilikuwa kinauma vidole, lakini gamba lilikuwa la moto kama limetoka barabarani sasa hivi. Alijikaza, akalibeba ndani, akaliweka juu ya meza ya kazi. Kulifungua hakuweza. Vidole viligoma kabisa kulivunja lile fundo.

Alilizungusha tu, akiangalia mistari. Ndipo alipoiona nukta nyekundu.

Sasa hapa lazima nieleze. Kulikuwa na mteja mmoja, hana haya, aliyewahi kumzulia Mama Upepo kwamba kambadilishia tairi. Tangu hapo kila tairi alilolifunga yeye alilitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, ndani kabisa ya mfereji wa mistari, usawa wa valvu. Haikuwapo karakana nyingine yenye mchezo huo. Na nukta hii hapa, juu ya gamba lililobanduka. Tena imepakwa ovyo, ina kimkia pembeni, kana kwamba mkono uliteleza. "Mimi huyu?" akajiuliza. "Lini nimepaka uchafu kama huu?"

Halafu akaitazama ile mistari yenyewe, ya mawimbi mawimbi. Matairi ya mawimbi aliyajua mawili tu, na yote yalikuwa kwenye gari moja: gari kubwa alilowaachia baba. Moja lilikuwa gurudumu la nyuma kushoto. Alilinunua mwenyewe juzijuzi, akalifunga, akalitia nukta. Alilichagua kwa makusudi lifanane na la pili, ambalo ni spea ya marehemu, inayoning'inia chini ya tumbo la gari. Spea hiyo baba aliinunua kabla hajaugua, na haikuwahi kuonja barabara. Yeye hakuwahi kuigusa, kwa hiyo haikuwa na nukta.

Basi hesabu ilikuwa rahisi. Gamba lina mawimbi, lina nukta: ni la gurudumu la nyuma kushoto. Na gari hilo leo lilikuwa linasafiri.

Lilimkuta bado amesimama mezani. Mumewe aliingia nalo uani akipiga honi kwa madaha, na kiti cha mbele amekaa mama yake Mama Upepo, kajifunga kitambaa kipya kichwani, mkoba mapajani. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa akiona watu kama vivuli nyuma ya pazia. Alisubiri nafasi ya upasuaji hadi akakata tamaa, na sasa ilikuwa imepatikana nafasi ya kesho, hospitali ya mji wa mbali. Wakiikosa, wanarudi mkiani mwa foleni.

"Tujazie upepo, Mama Upepo, twende zetu," mumewe alisema.

Yeye alikuwa keshafika gurudumu la nyuma kushoto, kapiga magoti. Lilikuwa zima. Alilipiga kwa kiganja, likaitika vizuri. Alilipapasa pande zote akitafuta uvimbe, akaligonga kwa nondo, akasikiliza. Zima kabisa, halina hata mchubuko.

"Lete jeki," akasema.

"Ya nini?"

"Nalitoa hili. Naweka spea."

Mumewe alimtazama. "Tairi jipya hilo. Hata bei yake hujamaliza kunisimulia."

"Wewe lete jeki, mume wangu. Usinibishie leo."

Angemwambia nini? Kwamba kuna gamba mezani limefungwa kwa fundo la mtu aliyekufa, na mama yupo pale anasikiliza? Akaishusha spea ya baba kutoka chini ya gari, akaifuta vumbi. Na alipoiona ilivyo moyo ulimlainika. Ilikuwa nyeusi ti, mistari imejaa, na zile nywele ndogo za mpira ambazo tairi hutoka nazo kiwandani zilikuwa bado zimesimama zote. Ni kama baba alikuwa amemwekea zawadi, akamwambia iko siku utaihitaji.

"Unaweka la baba yako?" mama aliuliza kupitia dirishani.

"Ndiyo, mama."

"Basi atanisindikiza." Bibi wa watu akatabasamu, na Mama Upepo akalitoa lile jipya, akaiweka spea.

Alikaza nati, akashusha jeki, akajaza upepo. Kwa mazoea akachomoa kichupa cha rangi ya kucha mfukoni, akapeleka brashi ndani ya mfereji. Wakati huohuo mumewe akapiga honi, Mama Upepo akashtuka, kidole kikateleza kwenye rangi. "Honi ya nini, hujui kusubiri?" alimfokea. Mumewe akacheka, akawasha gari, wakaondoka.

Aliwapungia hadi wakapotea. Roho ikatulia. Akanawa mikono, akalisogeza ukutani lile tairi alilolitoa, na sasa alijiona ana ushujaa wa kulifungua gamba. Alilikata fundo kwa kisu. Fundi wa kuchomelea alikuja kuchungulia, wakalikunjua pamoja sakafuni.

"Mbona lina manyoya?" akauliza yule fundi.

Mama Upepo alitazama. Pembezoni mwa gamba, safu kwa safu, nywele ndogo za mpira zilikuwa zimesimama. Akageuka kulitazama tairi la ukutani. Hilo lilishatembea, nywele zilishaliwa na lami. Akatazama tena gamba, akalikunja kidogo kwa mikono, na chini kabisa ya mifereji nyufa zikafunguka, nyembamba, nyingi, kama za kisigino kilichokauka. Mpira ulikuwa mzee. Ulikuwa haujatembea popote, na ulikuwa mzee.

Na ile nukta ilikuwa na kimkia. Akatazama kidole chake. Wekundu ulikuwa bado pale ulipotelezea.

"Mama yangu!" akasema. "Mama yangu mie!"

Jambo hili aliwahubiria wateja kila siku ya Mungu. Tairi halizeeki kwa kutembea tu. Linazeeka likiwa limening'inia, likichomwa na joto la lami na la bomba la moshi, gundi iliyoshika gamba inakauka kimyakimya na usoni unaliona bichi. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa ubavuni, usome kabla hujalifunga. Mteja yeyote angemletea spea kama ile, angemtimua nayo. Hii hakuisoma. Ilikuwa ya baba, na kwa baba hakuwahi kutafuta kosa.

Alipiga simu ya mumewe, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, vilevile. Akapiga ya mama.

"Haloo! Nani mwenzangu?"

"Mama, ni mimi! Mwambie mume wangu..."

"Wewe nani?"

"Mwanao, mama!"

"Aa, mwanangu. Hujambo huko? Umekula?"

"Mama, mpe simu!"

"Anaendesha. Wewe mwenyewe ndiye uliyemkataza kushika simu akiendesha. Tena afadhali umepiga, nikuulize. Tangu tuvuke daraja kuna mtu anagonga huku nyuma. Mumeo anasema ni barabara. Barabara gani, nami nasikia lami imenyooka? Anagonga, anaacha, anagonga tena. Kama baba yako alivyokuwa akinigongea mlango akijua nimenuna."

Mama Upepo alishika ukingo wa meza. Sauti yake ilipotoka, hata fundi wa kuchomelea alirudi nyuma.

"Mama, mwekee simu sikioni. Sasa hivi. Mume wangu, unanisikia? Usiguse breki. Narudia, breki usiguse. Toa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani kwa mikono miwili, unyooshe."

"Kuna nini?"

"Gamba linabanduka, nyuma kushoto. Litapasuka. Gari litataka kugeuka, wewe lizuie, uliache liishiwe nguvu lenyewe. Ukikanyaga breki mtabiringika. Mguu umetoa?"

"Nimetoa, linapungu..."

Ukasikika mshindo, kama mlango wa chuma umebamizwa. Kisha kitu kikawa kinachapa bati, chapa, chapa, chapa, na mumewe anamwita Mungu, na mama anaita jina ambalo Mama Upepo hakuwa amelisikia tangu utotoni, jina la mapenzi alilomwitia baba walipodhani watoto wamelala. Kishindo kimoja tena, halafu kimya.

"Mama!" alipiga ukelele. "Mama! Mama!"

"Usinipigie kelele. Mimi sina uziwi, nina mtoto wa jicho." Sauti ya bibi ilikuwa inatetemeka. "Tumesimama."

Mama Upepo akakaa sakafuni kando ya gamba, akalia kwa sauti bila kumwonea haya mtu. Mumewe alichukua simu. Alikuwa anahema. Gari lilikuwa ukingoni, alisema, gurudumu moja la mbele linaning'inia hewani, chini ni bonde. Angekanyaga breki wangekuwa huko. Tairi limebaki nyaya na kitambaa.

"Na gamba?" Mama Upepo aliuliza.

"Gamba gani tena, mke wangu?"

"Lililobanduka. Liko wapi? Nenda katazame."

Alisikia mlango, alisikia viatu vyake kwenye kokoto, alimsikia akienda mbali na kurudi. "Halipo. Alama nyeusi zipo barabarani, gamba lenyewe silioni. Wala bondeni."

Nyuma yake mama akasema, kwa utulivu, kama mtu anayetazama nje kupitia dirisha la nyumbani kwake, "Hulioni kwa sababu ameshaliokota. Yule pale, ameinama. Analikunja."

"Mama, hakuna mtu," mumewe alisema. Kisha ndani ya simu, kwa kunong'ona: "Hakuna mtu, nakuapia. Barabara ni tupu."

"Mpe simu mama," alisema Mama Upepo. Alisubiri. "Mama, wewe huoni."

"Najua sioni. Yule namwona. Amelifunga. Anapita hapa mlangoni kwangu, amelitia begani. Anasema anakuletea wewe, ulione kabla hujafungua karakana."

Mama Upepo aliweka kiganja juu ya gamba. Joto lilikuwa likitoka, taratibu, mpaka mpira ukawa baridi kama sakafu.

"Mwambie limefika," akasema.